Tulipoacha Kusema "Tuko Pamoja"

Niliporudi kutoka Ghuba nilikuwa na masanduku matatu, diploma ya ualimu wa sayansi ambayo ilikuwa imekwenda na kurudi bila kukunjika hata pembe, na nyumba ya mawe kule Olenguruone niliyoijenga kwa simu. Nasema kwa simu kwa sababu kila Ijumaa nilimpigia fundi, nikamwambia ageuze kamera anionyeshe kona za ukuta, na siku ukuta ulipopinda nikamwambia abomoe. Alibomoa. Wapo watu waliotuma hela ya nyumba wakiwa ng'ambo, wakarudi wakakuta choo na mahindi. Mimi nilikuta nyumba imenyooka, na veranda inayotazama chai ya majirani. Sikushikwa mkono na mjomba wala mbunge. Naanza na hilo ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa aina gani.

Diploma yenyewe nilikuwa nimekaa nayo miaka bila kuajiriwa, ndiyo maana nikaenda kukunja mashuka kwenye chumba cha dobi cha hoteli moja kubwa. Nilianza na mashuka. Nilipoondoka nilikuwa msimamizi wa chumba kizima, na kila mgeni aliyeajiriwa aliletwa kwangu kwanza nimfundishe. Walitoka Nepali, Uhabeshi, Bangladeshi, Uganda, na Kiingereza chao kilitofautiana kama nyuso zao. Jambo moja tu lilikuwa sawa kwa wote. Ukiwaonyesha mashine ya pasi ukawauliza kama wameelewa, walitikisa kichwa: ndiyo, madam. Halafu siku moja mtu aliyetikisa kichwa vizuri kuliko wote akaunguza gauni la bibi harusi mgongoni, alama ya kahawia pana kama sahani. Tangu siku hiyo nikakataa vichwa. "Usiniambie umeelewa," nikawa nasema. "Nionyeshe." Hakuna nguo nyingine iliyoungua chini yangu. Hata moja.

Kwa hiyo nilipoajiriwa na bodi ya shule moja ya umma, shule ya kutwa nyuma ya mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, kufundisha fizikia, sikuingia pale kama mtu wa kuomba. Niliingia kama mtu anayejua kazi.

Mwalimu mkuu, mwanamume mrefu mwenye sauti ya upole ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa historia, alinikalisha ofisini akaniambia mambo waziwazi. Fizikia ilikuwa inakufa. Mwisho wa Kidato cha Pili wanafunzi huchagua masomo ya kuendelea nayo, na waliochagua fizikia mwaka uliotangulia wangetosha kwenye benchi moja.

"Madam, mwaka huu wasipojaza angalau nusu ya maabara, nitalifunga somo," alisema. "Na mwalimu wa bodi asiye na somo..." Akafungua viganja vyake.

"Watajaza," nikamwambia.

"Umewaona?"

"Bado. Lakini watajaza."

Pale shuleni uchaguzi haufanywi kwa karatasi kwanza. Kila mtoto ana kiti chake, alichokuja nacho au alichorithi kwa ndugu yake. Ijumaa ya mwisho ya muhula wa tatu kengele inalia, kila mtu anabeba kiti chake, anakipeleka kwenye chumba cha somo alilochagua. Walimu wanakaa vyumbani wakingoja viti. Nimeambiwa wapo walimu waliowahi kungoja mpaka jioni.

Siku ya kwanza niliingia Kidato cha Pili nikakuta darasa limechangamka kama kanisa. Walikuwa wamezoeshwa vizuri. Mwalimu anaanza neno, anaacha kipande cha mwisho, darasa linamalizia. Hata ukitaka kuacha, ulimi unavutwa.

"Momenti ni kani mara um...?"

"Baliii!"

"Tuko pamo...?"

"Jaaa!"

Juu ya sauti zote kulikuwa na moja, ya msichana wa mstari wa mbele mwenye sweta lililofumwa upya viwiko. Alikuwa anamaliza maneno kabla sijayafikisha nusu. Ilikuwa sauti nzuri, ya shaba, ungeisikia kutoka barabarani. Nikafurahi. Nikaweka mezani rula, penseli na mawe mawili, nikamwambia aje asawazishe rula juu ya penseli, jiwe kila upande. Alishika ile rula kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Akaangalia mawe. Akaangalia wenzake. Kisha akaniambia, kwa sauti ileile ya shaba, "Momenti ni kani mara umbali, madam!"

"Sawa. Sasa nionyeshe."

Hakuweza. Nikaita mwingine, naye hakuweza. Nikapiga marufuku kuanzia dakika hiyo: hakuna kumalizia maneno, hakuna "ndiyo madam", hakuna "tuko pamoja". Anayejua aonyeshe.

Darasa likanyamaza. Sikutarajia lingenyamaza namna ile. Karibu wiki mbili nilifundisha watu waliotazama kucha zao. Ukuta kati yetu na darasa la jirani ni wa mbao, na upande ule alifundisha mkuu wa idara yangu, mzee mcheshi aliyesifika kumaliza silabasi kabla ya kila mtu mjini. Kwaya yake ya kumalizia maneno ilipita kwenye nyufa kama moshi. Kwenye chai ya saa nne alinisubiri na kikombe chake.

"Madam, darasa lako limefariki? Tuchange ya mazishi?"

"Liko hai, mwalimu. Linafikiri."

"Umefika wapi kwa silabasi?"

"Niko kwa rula."

"Ile rula mimi nilimaliza mwezi jana." Walimu wengine wakacheka ndani ya vikombe. "Huku si hoteli ya Mwarabu, dada yangu. Huku ni kumwaga na kusonga."

"Mwalimu, ukimwaga na chini kumetoboka?"

Walicheka tena, safari hii upande wangu. Lakini kusema kweli maandazi hayakushuka vizuri. Muhula ulikuwa unayeyuka, na viti vingebebwa Ijumaa ile nikitaka nisitake.

Kisha akaja mama. Alikuwa na sufuria yake ya mahindi ya kuchemsha kando ya lango, chini ya mwavuli wa kampuni fulani ya simu uliopauka. Nilizoea kumpita. Siku hiyo alinisimamisha na koleo mkononi.

"Madam, shikamoo. Mimi ndio mamake yule msichana wa mbele. Mwenye sauti."

"Marahaba, mathe. Namjua."

"Nataka kuuliza bila ubaya. Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu."

"Mimi hukaa hapa mchana kutwa. Kila siku nasikia sauti yake ikitoka kwa ile dirisha. Nawaambia wateja, huyo ni wangu, huyo anajibu. Hata wale wa boda wanajua. Sasa ni siku nyingi sisikii kitu. Nikimwuliza nyumbani anasema fizikia ameichoka, ataenda biashara." Akageuza hindi moja kwenye sufuria ingawa halikuhitaji kugeuzwa. "Kama amekukosea niambie, nitaongea naye. Lakini usimzime."

Mimi si mtu wa kutikisika, lakini neno lile la kuzima nilitembea nalo mpaka chumba cha walimu. Angekuwa mwalimu mwingine, kesho yake angeurudisha ule wimbo ili mama asikie mtoto wake. Mimi, kabla sijaondoka pale langoni, nilimwambia, "Mathe, siku ya wazazi ufunike sufuria uje. Ukikuta amezimika, mimi mwenyewe nitamrudisha kwa kwaya."

Nilikuwa nimejifunga, basi ikabidi nitafute njia. Nilianza kwa kuwatazama badala ya kuwafundisha. Kijana mmoja wa nyuma alisimama akajaribu kujibu swali, akakosea kidogo tu, na darasa zima likatoa ule mlio wetu, "Aaaiii!" Akakaa, na shingo yake ikaingia kwenye kola. Hapo nikaona kitu ambacho chumba cha dobi kilikuwa kimenifundisha tayari. Kwenye kwaya hakuna anayekosea peke yake. Nilikuwa nimewanyang'anya paa, halafu nikawashangaa kwa kulowa.

Kule Ghuba wageni wangu nao waliogopa kuchekwa, na dawa niliyoitunga ilikuwa kuwaweka wawili wawili. Mmoja ni mdomo, mwingine ni mikono. Mdomo hauruhusiwi kugusa mashine. Mikono hairuhusiwi kufanya jambo ambalo mdomo haujasema. Kazi ikiharibika hujui ni nani aliyekosea, na wakati mnatafuta mnakuwa mmejifunza. Niliitunga mimi, bila profesa.

Jumatatu niliingia na ndoo ya mawe. Ukikaa Nakuru unajua mawe yetu ni ya aina mbili: yale ya kawaida, na yale meupe yenye vitundu yaliyotapikwa na mlima, mepesi kama mkate uliokauka. Nilichagua jozi za mawe yaliyolingana ukubwa, jiwe moja la kila aina, kila meza ikapata jozi, rula na penseli. Nikawaambia mdomo unaweza kutumia Kiswahili, Sheng, lugha ya nyanyake, chochote. Kiingereza cha mtihani tutakivaa baadaye. Yule msichana nilimfanya mdomo. Mikono yake ilikuwa rafiki yake mmoja mfupi, mtundu, mwenye mwanya.

"Haya, weka jiwe upande huu na ingine upande ule," msichana akaanza.

"Upande gani?"

"Huu! Si unaona?"

"Mimi ni mikono tu. Mikono haina macho."

"Wee! Kushoto. Kwa alama ya tano. Na ingine kulia, tano."

Rula ikalala upande mmoja, pa!

"Umeisukuma!"

"Sijaguza! Ni jiwe yako!"

"Toa. Weka tena. Polepole."

Pa!

"Hii moja imekula ugali," mikono ikasema, ikiyapima mawe mawili viganjani. "Buda, hii ingine ni hewa tupu."

Meza za jirani zilikuwa zinapiga kelele zao zilezile, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumcheka mwenzake. Niliona midomo ya msichana ikitaka kukimbilia ile sentensi aliyozoea kuiimba, kisha ikasita.

"Ile nzito," alisema. "Isogeze. Ilete katikati."

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Kidogo tena. Wacha! Wacha hapo hapo."

Rula ikasimama. Ilitetemeka kama mtu anayejizuia kucheka, lakini ikasimama. Nilikuwa nyuma yao, na nilimsikia akisema chini chini, si kwa ajili yangu wala ya darasa, "Kani... mara umbali." Alisema kama habari mpya. Nilikuwa nimemsikia akiyapiga kelele maneno hayo siku ile ya kwanza, lakini hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiyasema.

Kuanzia hapo kelele zilirudi, ila zilikuwa kelele za ugomvi. Mwalimu mkuu alifika mlangoni akitweta.

"Nani wanapigana humu?"

"Hakuna, sir," mwanya ukamjibu. "Ni fizikia."

Mkuu wa idara kwenye chai aliniambia darasa langu limefufuka likiwa na pepo. Nikamwambia pepo ni wake, alikuja kupitia nyufa.

Siku ya wazazi kwetu ina taratibu zake. Wazazi hupanga foleni mbele ya meza ya mwalimu, mwalimu anawaambia mtoto ni mzuri lakini atie bidii, mzazi anashukuru, mtoto anaangalia chini, wanaondoka. Nilimwambia mwalimu mkuu sitaki meza wala foleni. Nataka maabara, na watoto wawafundishe wazazi wao. Akaniuliza swali moja.

"Wakiaibika mbele ya wazazi, madam, nani atabeba kiti kuja kwako?"

"Nimesikia," nikasema. "Nipe maabara."

Walikuja na nguo zao za kanisa. Baba mmoja fundi wa kulehemu, mama wa mitumba, nyanya mmoja aliyekuja kwa niaba ya watu wawili. Mama wa mahindi alikuja na leso safi juu ya aproni, na harufu ya ndimu ilimfuata ndani. Alikaa mbele ya rula huku mikono ameifumbata mapajani, kana kwamba meza ingemwuma. Binti yake akamweleza nani ni mdomo na nani ni mikono. Kisha akaeleza mawe, polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani.

"Nimeelewa, mwanangu," mama akasema upesi, akipangusa macho. "Nimeelewa kabisa. Mungu akubariki."

Msichana hakuondoka. "Mum, usiseme umeelewa."

"Si nimeelewa?"

"Mikono. Nionyeshe."

Wazazi wa meza jirani waligeuka. Mama akacheka kwa haya, akaweka jiwe, akaweka la pili, rula ikaanguka. "Ona sasa, unaniaibisha mbele ya watu!" Lakini alikuwa tayari ameyaokota. Mara ya tatu binti alisema "sogeza kidogo", na mama alipoona rula imekaa hewani aliachia mikono juu kama mtu aliyeambiwa asiguse rangi mbichi.

"Inakaa!"

"Kwa nini inakaa, mum?"

"Kwa sababu... hii nzito tumeileta karibu."

"Ehee."

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama hapo nyuma, mikono mgongoni, amevaa tai yake ya siku za wageni. "Vizuri sana," alisema. "Vizuri kabisa. Hata mimi sasa nimeelewa."

Msichana alimtazama, akanitazama mimi. Hata kope sikupepesa. Basi akachukua mawe mawili, akampa mwalimu mkuu wa shule nzima, mbele ya wazazi.

"Karibu, sir. Onyesha."

Akaweka mawe sawa kwa sawa, kama mtu wa historia. Rula ikaruka, jiwe zito likaangukia kiatu chake. Ni nyanya aliyeanza kucheka, kisha chumba kizima, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akafungua tai. "Jaribu tena, sir," msichana akamwambia kwa upole ambao sikumfundisha. Akajaribu tena. Ikakaa.

Ijumaa ya viti ilikuja na jua kali. Nilipiga deki maabara mimi mwenyewe, nikasogeza meza, nikakaa mbele nikiwa nimevaa suti niliyonunua siku niliyopandishwa cheo kule hotelini. Kengele ikalia. Kupitia dirisha niliona veranda ikijaa viti vinavyotembea, miguu ya viti ikigongana, ubao ukikwaruza saruji. Wavulana wachache wakaingia kwangu moja kwa moja, wale ambao wangekuja hata kama ningekuwa nafundisha kwa bunduki. Kisha mlango ukabaki wazi bila mtu. Viti vingi vilikuwa vinapita kuelekea biashara na jiografia. Mkuu wa idara alikuja akasimama karibu na dirisha na kikombe chake, hakutania. Afadhali angetania.

Halafu msichana akatokea kwenye veranda, kiti kichwani, akasimama katikati ya njia watu wakamgonga. Akaangalia huku, akaangalia kule, akapaza ile sauti ya shaba ambayo sikuwa nimeisikia kwa ukamilifu tangu nilipoipiga marufuku.

"Weee! Mikono yangu iko wapi?"

"Nakuja, mdomo! Kiti imeshikana!"

Yule mfupi mwenye mwanya akachomoka kutoka kwenye foleni ya jiografia, akivuta kiti chake kwa mguu mmoja. Wakaingia pamoja. Nyuma yao nikasikia wengine wakiitana kwa njia hiyohiyo, mdomo akitafuta mikono, mikono wakitafuta mdomo, maana hakuna aliyetaka kuanza upya na mtu asiyemjua. Waliingia wawili wawili. Walijaza mbele, wakapita nusu, wakafika kwenye masinki ya nyuma, na wawili wa mwisho ilibidi waweke viti mlangoni. Yule kijana wa shingo kwenye kola alikuwa kwenye masinki, na alikuwa anabishana.

Mwalimu mkuu alikuja akahesabu kwa macho, akaacha katikati. "Madam, nimeelewa. Mkataba wako uko salama. Tutanunua rula zaidi."

"Usiniambie, mwalimu," nikasema. "Nionyeshe."

Mkuu wa idara akanywa chai yake. "Zile mawe," alisema, akitazama nje, "unazitoa wapi?"

Jioni nilipotoka lango lilikuwa bado na vumbi la viti. Mama wa mahindi alinyanyuka aliponiona. Alilichagua hindi lenye punje zilizojaa mpaka ncha, akalipaka ndimu na pilipili, akanishikisha mkononi.

"Nimesikia," alisema.

Nililila nikitembea kuelekea barabarani, mwalimu mzima, na suti yangu.